Mshoni wa Wafalme na Daftari la Madeni

Kukopa arusi, kulipa matanga. Maneno hayo yamebandikwa katika maduka mengi ya washoni humu Visiwani, juu ya cherehani, mahali ambapo mteja hana budi kuyaona. Wanyonge huyasoma. Wakubwa hupita chini yake, kitambaa kwapani, wakaagiza suti ya sikukuu. Niliyakumbuka nilipokuwa nikisoma habari za Henry Poole, mshoni wa London wa karne ya 19, ambaye yeye hakubandika kitu ukutani.

Ukoo wake haukuanzia katika fahari. Baba yake, James Poole, alitoka Shropshire akafungua duka la vitambaa London mwaka 1806. Jadi ya duka hilo yasimulia kwamba wakati wa vita vya Napoleon alijiunga na askari wa kujitolea, waliotakiwa wajipatie sare wenyewe. James na mkewe wakajishonea nyumbani. Afisa mmoja akaliona koti lile, akapendezwa. Basi muuza vitambaa akageuka mshoni wa wanajeshi. Henry, aliyezaliwa mwaka 1814, alijifunza kazi humo humo, na baba alipofariki mwaka 1846 akalirithi duka, akaufungua mlango wake uelekee Savile Row. Leo kuutaja mtaa huo ni kuutaja ushonaji wenyewe.

Sifa zilienea upesi. Napoleon wa Tatu wa Ufaransa alimteua kuwa mshoni wake mwaka 1858, na Malkia Victoria mwaka 1869. Dickens alivaa nguo zake. Disraeli naye alivaa, kisha akamchora katika riwaya yake Endymion ya mwaka 1880 kwa jina la Vigo. Kwa Mwana wa Mfalme, aliyetawala baadaye kama Edward wa Saba, Poole alikata mwaka 1865 koti fupi la kulia chakula cha jioni nyumbani, na jamaa za koti hilo tunaziona hata leo katika dhifa za serikali. Wateja hawakuja kupimwa tu. Walikaribishwa vinywaji na sigara, wakazungumza farasi na siasa kama watu walio barazani.

Lakini tutazame nyuma ya pazia. Suti moja ilipita mikono mingi: mkataji, mshona koti, mshona suruali, mshona kizibao. Hao wote walingoja ujira wao, na mwenye vitambaa alingoja bei yake. Aliyekuwa hana haraka ni mvaaji. Desturi ya mabwana wa zama zile ilikuwa kulipa baada ya mwaka, pengine miaka, na mshoni aliyethubutu kumdai bwana mkubwa alijihatarisha kumpoteza yeye na rafiki zake. Poole alistahi. Kwa maoni yangu alistahi kupita kiasi, maana alipenda naye kuishi kama wateja wake.

Alifariki mwaka 1876, jina likiwa kubwa na urithi mdogo, vitabu vimejaa madeni. Aliyeliokoa duka ni binamu yake, Samuel Cundey, kwa kazi isiyo na fahari: kuyafuatilia madeni. Ukoo wa Cundey uliendelea nalo kizazi baada ya kizazi. Jengo la zamani lilipobomolewa mwaka 1961 walihama, wakarejea Savile Row mwaka 1982.

Mtaani kwetu palikuwa na fundi mmoja, sasa marehemu, aliyewashonea maofisa wengi. Mjane wake alipolifungua daftari alikuta majina ambayo sisi huyasikia yakitanguliwa na neno Mheshimiwa. Hakuwa na binamu wa kuyafuatilia. Alimtuma mwanawe, kijana wa skuli, abishe hodi katika ofisi moja baada ya nyingine, na mara nyingi aliambiwa arudi mwisho wa mwezi. Cherehani iliuzwa kabla mwezi haujaisha.