Hodi ya Daktari Aliye Mbali



Leo twapenda kueleza jambo lililoingia majumbani mwetu, nalo ni kutibiwa kwa simu na daktari asiyekuwapo mbele ya mgonjwa. Manufaa yake ni makubwa: mzee wa Lamu aweza kuzungumza na bingwa aliye Nairobi pasi na kupanda chombo wala basi. Lakini ajaye nyumbani kwa watu hupiga hodi, akangoja kukaribishwa. Na daktari huyu naye ni mgeni, tena aingiaye hadi chumbani, akauona mwili na kuisikia siri.

Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yakataza mgonjwa kupewa huduma pasipo ridhaa yake, ila katika hali zilizotajwa, kama vile dharura. Na ridhaa si kuitikia "ndiyo" tu. Yampasa daktari amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake, na kwamba ana haki ya kukataa. Tena kwa lugha anayoifahamu, kila iwezekanapo. Katika simu twaongeza moja: amwambie kuwa hawezi kumpapasa tumbo wala kumsikiliza kifua, na kwamba huenda ugonjwa ukampita. Asiyeambiwa haya ameridhia asichokijua.

Sasa tuitazame simu yenyewe, maana hapo ndipo penye mashaka. Mara nyingi si ya mgonjwa, ni ya mwanawe. Mama ameketi, kijana ameishika simu, daktari auliza habari za hedhi au mkojo, na mama, kwa haya, ajibu kuwa hana tatizo. Dawa huandikwa kwa jibu hilo. Kijana hakukusudia ubaya, ila wema wake umemfunga mama kinywa. Twaona yafaa daktari aanze kwa kuuliza ni nani aliyemo chumbani, na mgonjwa naye aulize vivyo hivyo juu ya upande wa pili. (Wanaofungua kipaza sauti cha simu barazani, hao tunawaomba wakifunge.) Ridhaa ni ya mgonjwa mwenye akili timamu, si ya mwenye simu wala ya mwenye kulipa.

Liko pia jambo la kurekodi. Kukubali kutibiwa si kukubali kupigwa picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yahesabu habari za afya kuwa nyeti, na aliyetoa ridhaa aweza kuiondoa wakati wowote, ingawa hilo halibatilishi yaliyokwisha kutendwa kwa halali. Basi mgonjwa akiambiwa kuwa mazungumzo yanarekodiwa, na aulize: kwa ajili gani, yatawekwa wapi, na nani atayaona. Asiporidhika na majibu, aseme hataki, na aombe kuonana na daktari ana kwa ana.