Chemchemi ya uani: tazama kwanza nyumba yako, kisha hesabu madumu yako

Jirani yangu alinunua chemchemi ya saruji ya sahani tatu, ile ndefu inayopita kimo cha mtu, akaisimamisha katikati ya ua wa hatua sita kwa tano. Siku ya kwanza tulikwenda kuitazama, tukanywa kahawa, tukasema mashallah. Mwezi wa tatu maji ya mfereji yakakatika wiki mbili. Pampu ikafanya kazi bila maji, ikaungua, na zile sahani zikabaki na maji ya mvua yaliyotuama. Tulichovuna mtaani baada ya hapo ni mbu wa mchana. Watoto wawili wa nyumba ile wakalazwa kwa homa.

Sisemi haya kumcheka. Joto letu ni kali, na sauti ya maji uani hutuliza roho. Lakini wengi tunaanza kwa kuuliza, "Ipi nzuri?" Mimi naona tuanze na maswali mawili mengine: nyumba yangu ni ya namna gani, na maji yangu yanatoka wapi? Ukiyajibu hayo, iliyo nzuri kwako itajionyesha yenyewe.

Wazee walichagua vipi

Ukiingia nyumba za kale za mawe kule Lamu utaliona birika. Ni hodhi dogo la mawe lililopakwa chokaa, na maji yake yalichotwa kwa kata ya kifuu, ya kuoga na kutawadha. Chini ya birika walijengea bakuli au sahani ya kauri ya Kichina, na ndani wakaweka samaki wadogo. Samaki wale walikuwa na kazi: kula viluwiluwi vya mbu. Maji yakishuka sana, hubaki kidogo katika lile bakuli na samaki hawafi. Pambo na kazi vilikuwa kitu kimoja.

Maji ya Lamu hutegemea visima vya Shela, mvua inayonywewa na vilima vya mchanga. Watu waliojua hilo hawakurusha maji hewani kwa ajili ya kutazamwa.

Atatokea wa kuniambia: mbona kasri la Alhambra, Granada, Waislamu walilijaza chemchemi? Kweli. Lakini wao walichimba mfereji wa kutoka mto Darro, maji yakashuka yenyewe mpaka kasrini bila pampu wala bili. Sisi wa Mombasa maji yetu yanatoka mbali, chemchemi za Mzima kule Tsavo na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na yakikatika tunangoja mkokoteni.

Kila nyumba na maji yake

Nyumba ya mji wa kale yenye kiwanda kidogo. Hapa kuta ni ndefu, jua ni la saa chache, na sauti inarudi. Chemchemi ndefu itaufanya ua uonekane mdogo zaidi na kelele zake zitaingia hadi kwa jirani. Kinachopendeza ni hodhi la mstatili lililoegemea ukuta, kingo za chokaa, na bomba dogo linalotiririsha maji kutoka kimo cha shubiri moja au mbili tu. Weka samaki wadogo kama wazee, na vyungu viwili vya asumini pembeni. Basi.

Nyumba ya Kiswahili yenye ua wa nyuma. Ua huu una kamba za nguo, jiko na watoto wanaokimbia. Usiweke maji ya wazi. Tafuta kasiki au mtungi mkubwa wa udongo. Fukia pipa la plastiki chini, lifunike kwa wavu wa chuma madhubuti, mwaga kokoto juu, kisha simamisha mtungi. Pampu ndogo iliyo ndani ya pipa hupandisha maji, yakafurika mdomoni mwa mtungi, yakateremka tumboni mwake na kupotea kwenye kokoto. Sauti unaipata, na mtoto hana pa kuzama. Na kwa sisi tusiopenda masanamu ya viumbe nyumbani, mtungi ni pambo lisilo na utata.

Nyumba yenye bustani pana, kama zile za Mtwapa, Kikambala au Diani. Hapa kidimbwi chenye umbo la kupindapinda kinakaa vizuri, mawe kando yake na yungiyungi juu ya maji. Kifikishe kina cha sentimita 60, maana maji ya kina kifupi hupata moto mchana na samaki hufa. Kiweke mbali na mwembe na mnazi, kwa sababu majani yakianguka huoza na kuleta harufu. Yungiyungi halitoi maua kivulini, lipe jua la saa tano au sita. Ukitaka maji ya kuruka, kimo chake kisizidi umbali wa kutoka bomba hadi ukingo wa hodhi, na mahali pa upepo mkali wa kusi kipunguze hadi nusu. La sivyo, utakuwa unamwagilia barabara.

Wa gorofani mwenye roshani. Bakuli pana la udongo lenye maji ya ndege linatosha. Yamwage na kulisugua kila baada ya siku mbili. Kumnywesha kiumbe mwenye kiu ni sadaka, na gharama yake ni kikombe cha maji.

Hesabu kabla ya fundi

Kwa jua na upepo wetu, chukulia kwamba hodhi hupoteza nusu sentimita ya maji kwa siku. Hodhi la mita 2 kwa mita 2 basi hupoteza lita 20 kila siku. Hilo ni dumu moja kamili, mara 30 kwa mwezi, bila mtu kunywa hata tone. Chemchemi inayorusha maji hupoteza zaidi. Jiulize dumu hilo unalinunua bei gani mtaani kwako wakati mfereji umekauka. Kama wakati huo hulimudu, punguza hodhi. Dini yetu imetukataza israfu ya maji hata tunapotawadha, seuze ya kujionyesha.

Umeme nao una hesabu yake. Pampu ya wati 20 ikikesha mchana na usiku hula karibu nusu yuniti kwa siku, zaidi ya yuniti 14 kwa mwezi. Pampu ya sola isiyo na betri hufanya kazi jua likiwapo na kulala usiku, na majirani nao wakalala.

Kama maji yako ni ya kisima cha chumvi, usinunue vifaa vya chuma cha kawaida. Vitashika kutu, midomo ya mabomba itaziba kwa magadi meupe, na maua yatakayorushiwa yataungua. Tumia plastiki, na panda maua mbali na matone. Kama ni ya mfereji yenye dawa, yaache wazi siku nzima kabla ya kutia samaki.

Mbu ndio jambo kubwa

Mombasa imeshapigwa na homa ya dengi, mlipuko wa 2013 wengi wanaukumbuka, na Lamu ilipigwa na chikungunya mwaka 2004. Homa zote mbili huenezwa na mbu wa mchana mwenye madoa meupe miguuni, na huyu hupenda maji masafi yaliyotulia karibu na watu. Kutoka yai hadi mbu mzima anahitaji kama wiki moja hadi siku kumi. Mayai yake huyabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja mvua. Kwa hivyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Sugua kuta kila wiki, au weka samaki. Ukisafiri, kausha na ufunike.

Na mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji yasiyofika magotini mwako. Hodhi la wazi kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa liwekewe wavu, au lisubiri akue.

Jirani yangu hakuibomoa chemchemi yake. Aliziteremsha sahani mbili za juu, akalibakisha hodhi la chini, akatia samaki wadogo na bomba moja la kutiririka. Kila Ijumaa asubuhi hulisugua yeye mwenyewe. Maji anayoyatoa, mkewe huyamwagilia mrehani.