Kabla ya Kukabidhiana Ufunguo

Mwanzoni mwa mwaka jana alifika ofisini kwetu mama mjane wa Pasua, mjini Moshi, akiongozana na kijana fundi pikipiki. Wote wawili walikuwa wamekasirika, na wote wawili walikuwa wanasema kweli. Mama ana nyumba ya vyumba sita aliyoachiwa na marehemu mume wake. Kijana alikuwa amelipa kodi ya miezi sita, shilingi 240,000 taslimu, mikononi mwa mtoto mkubwa wa mama huyo. Mtoto akaondoka kwenda Dar es Salaam na fedha zote. Mama, ambaye alitegemea kodi hiyo kwa ada ya shule ya mtoto wake wa mwisho, hakuona hata senti. Akamtaka kijana alipe upya au ahame. Kijana hakuwa na risiti wala karatasi yoyote.

Sisi si wanasheria. Lakini mambo haya yanatufikia kwa sababu akina mama wengi wa vikundi vya kuweka na kukopa wamejenga vyumba vya kupangisha kwa mikopo yao, na kodi ndiyo inayorudisha mkopo. Chumba kikikaa na ugomvi, rejesho linakwama. Ndiyo maana tumeona tuandike machache tuliyojifunza.

Kwanza, mpangaji ajue anamlipa nani. Usitosheke na maneno ya dalali, ambaye kazi yake inaisha ukishampa ujira wake. Waulize majirani, umwone mwenyekiti wa mtaa au mjumbe, na uombe kuona hati au karatasi nyingine ya umiliki. Ikiwa mwenye nyumba amefariki, uliza nani ameteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi, kwa maana huyo ndiye mwenye mamlaka juu ya mali ya marehemu hadi igawanywe. Katika shauri la Pasua tuligundua kwamba mirathi haikuwahi kufunguliwa. Kwa hiyo si mtoto tu aliyepokea kodi bila mamlaka. Hata mama mwenyewe, kwa karatasi, hakuwa nayo. Hakufurahi kulisikia jambo hilo, nami sikufurahi kulisema. Ukoo ulikaa, mama akapendekezwa, akaenda mahakamani akateuliwa. Kijana alimalizia miezi yake, na ndugu wakakubaliana kwamba shilingi 240,000 zihesabiwe katika fungu la mtoto yule.

Pili, malipo yaache alama. Kulipa benki au kwa simu ni bora kuliko taslimu, kwa sababu ujumbe unabaki na jina la mpokeaji linaonekana kabla hujathibitisha. Jina likiwa geni, simama uulize. Ukilipa taslimu, dai risiti yenye tarehe, kiasi, na miezi inayolipiwa. Wenye nyumba nao wasione kudaiwa risiti ni dharau. Kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni kinauzwa duka lolote la vifaa vya shule, na siku mpangaji akidai kwamba alilipa mwezi ambao hakulipa, nakala yako ndiyo itakayosema.

Wengi bado wanaamini kuwa ipo ofisi ya serikali inayopanga kodi ya nyumba. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiasi cha kodi ni mapatano ya watu wawili, na kwa sababu hiyo mapatano hayo yana uzito mkubwa kuliko watu wanavyofikiri. Pale yasiposema kitu, Sheria ya Ardhi ya 1999 hujaza pengo. Kwa mfano, kama hamkutaja muda wala notisi na kodi hulipwa kila mwezi, upangaji ni wa mwezi hadi mwezi, na anayetaka kuuvunja atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja. Hilo linambana mwenye nyumba na mpangaji sawasawa. Aliyepangisha sehemu tu ya jengo ana wajibu wa kutunza paa, kuta za nje na mifereji mikuu, na kumwacha mpangaji akae kwa amani. Mpangaji naye anatakiwa kulipa kwa wakati na kukirudisha chumba katika hali nzuri. Kung'oa mabati au kutupa vyombo nje ili mtu aondoke ni kujitafutia kesi.

Kuhusu kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, mimi binafsi naona inawaumiza wote. Mpangaji anaanza maisha katika chumba kipya akiwa na deni. Mwenye nyumba anapokea fedha nyingi Januari, anazimaliza kwa ada, na masika yakifika Aprili bati likavuja hana cha kununulia hata misumari. Baadhi ya akina mama wetu sasa wanapokea miezi mitatu mitatu na kuweka sehemu ndogo kila mara kwenye kikundi kwa ajili ya matengenezo. Wanasema wapangaji wao hawahami ovyo.

Umeme ndio unaoleta makelele kuliko kodi yenyewe. Vyumba sita vinatumia mita moja ya LUKU, mmoja ana friji, mwingine ana taa moja na redio, halafu wanachanga sawa. Haiwezi kudumu. Ama kila chumba kiwekewe mita yake ndogo ya kusomea matumizi, ama mwandike mapema kila chombo kinachangia kiasi gani. Tena kuna kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 inakatwa mtu anaponunua umeme. Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, lakini anayekatwa ni yule anayenunua uniti. Mkubaliane kabla kwamba mpangaji atarudishiwa, au itapunguzwa kwenye kodi ya pango. Kiasi ni kidogo, lakini tumeona watu wakiacha kusalimiana kwa ajili yake.

Siku ya kuingia, zungukeni chumba pamoja mkiwa na daftari. Andikeni kioo kilichopasuka, kitasa kilicholegea, bomba linalovuja. Kisha andikeni majina, kiasi cha kodi, miezi iliyolipwa, amana kama ipo na itarudishwa lini, maji, taka, na notisi. Karatasi mbili za mkono, sahihi za wote na shahidi mmoja mmoja, kila mtu abaki na yake. Kwa mkataba mrefu au wa biashara, mwoneni wakili.

Mkishindwana, kuanza na wazee wa jumuiya ni vizuri, ila waonyesheni karatasi kwanza, wasiamue kwa huruma. Baada ya hapo ni Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, haliamui tena nani ana haki. Likishindwa, omba cheti kinachosema hivyo, kwa kuwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya litakidai kabla ya kupokea shauri. Siku 30 zikipita bila usuluhishi kukamilika, unaruhusiwa kwenda wilayani hata bila cheti, kwa hiyo tunza barua uliyopeleka kata ikiwa na mhuri na tarehe ya kupokelewa.