Magere Asife Mara ya Pili

Je, msomaji, ukitajiwa Lwanda Magere, huona sura gani akilini? Waulize na watoto wako leo. Huenda wakakuchorea shujaa wa sinema ya ng'ambo.

Wazee wa Kano, karibu na Kisumu, husimulia kwamba mwili wa Magere ulikuwa jiwe. Mikuki ya Wanandi haikumtoboa. Basi Wanandi wakampa binti amwoe. Siku moja Magere aliugua, akamwambia mkewe amchanje kivuli ili ampake dawa. Damu ikatoka! Binti akatoroka na siri hiyo. Vitani kivuli kikachomwa mkuki, shujaa akaanguka na kugeuka mwamba, ambao huonyeshwa wageni hadi leo.

Wajapani pia wana mashujaa na mazimwi, ila wao waliwapiga chapa. Utagawa Kuniyoshi (1798–1861), wa mji wa Edo, ambao sasa ni Tokyo, alisifika kwa picha za wapiganaji waliojaa chale mwilini. Katika miaka ya 1840 alimchora mchawi Takiyasha akiita kiunzi cha mifupa kikubwa ajabu. Kitabuni viunzi vilikuwa vingi. Kuniyoshi akafanya kimoja, na hicho ndicho watu wanachokikumbuka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ushirika. Mmoja alichora, wa pili akachonga ubao wa mcheri, wa tatu akapaka wino, akalaza karatasi juu yake na kuisugua. Kila rangi ilikuwa na ubao wake. Kwa njia hiyo zilitoka nakala nyingi, kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu.

Kwetu, Okoiti Omtatah alimtungia Magere tamthilia iliyochapishwa 1991. Nyumbani je? Mali bila daftari huisha bila habari. Mkienda mashambani likizoni, watoto wamsikilize nyanya yao hadi mwisho. Kisha tafuta kandambili kuukuu, wachore Magere kwenye soli, na mtu mzima asaidie kuchonga. Wapake rangi, wagandamize karatasi. Waonye mapema: picha hutoka kinyume, mkuki wa kulia ukawa wa kushoto.

Nakala moja mpelekeeni nyanya. Atawaambia mlipokosea, na hapo hadithi itaanza upya.