Kwangu Inafanya Kazi, kwa Mteja Haifunguki

Mteja akilalamika kwamba programu imegoma, aliyeiunda hujibu: "Mbona kwangu inafanya kazi?" Na mara nyingi anasema kweli. Kompyuta yake ina maktaba na zana alizosakinisha zamani akazisahau, na programu inazitegemea kimyakimya. Kufungasha programu ni kuzitambua tegemezi hizo, kisha kuamua ipi iende pamoja na programu na ipi mtumiaji awe nayo mwenyewe.

Kwenye Linux, mtego mkubwa ni glibc, maktaba ya msingi inayotegemewa na programu nyingi. Programu iliyoundwa kwa toleo la zamani kwa kawaida hukubali toleo jipya, lakini kinyume chake hakina uhakika. Ukiunda kwenye Ubuntu 24.04, yenye glibc 2.39, ukapeleka kwenye seva ya Ubuntu 20.04, yenye 2.31, programu inaweza kukataa hata kuanza. Usikimbilie kubadilisha glibc ya seva, kwani mfumo mzima umesimama juu yake. Badala yake, unda programu kwenye mfumo mkongwe kuliko yote unayotaka kuihudumia. Ndivyo wafanyavyo wafungashaji wa Python: vifurushi vyenye lebo ya manylinux_2_28 hulenga mifumo yenye glibc 2.28 au mpya zaidi. Mfumo wa Alpine Linux haumo humo, kwa kuwa hutumia maktaba ya musl badala ya glibc. Uandalie kifurushi chake.

Mitego mingine ni midogo ila inasumbua. Kwa mpangilio wa kawaida, Windows na macOS huhesabu Nembo.png na nembo.png kuwa faili moja; Linux huhesabu mbili. Ndiyo maana tovuti iliyopendeza kwenye kompyuta ya ofisini hupoteza picha ikifika kwenye seva. Tumia herufi ndogo tu katika majina ya faili. Tena, Windows humaliza mstari kwa alama mbili na Linux kwa moja, hivyo skripti ya Bash iliyohifadhiwa kwa mtindo wa Windows hugoma kwenye Linux. Kama unatumia Git, andika *.sh text eol=lf ndani ya faili ya .gitattributes.

Kabla ya kutoa toleo, lisakinishe kwenye mashine pepe mpya isiyo na chochote chako. Kila kitakachokosekana hapo kiingize kwenye orodha ya mahitaji, pamoja na namba ya toleo lake.