Majitaka Yarudipo Nyumbani: Chanzo na Kinga

Mafuriko yatajwapo, fikra za wengi huelekea kwenye mto uliovunja kingo zake, mathalan Mto Mathare uliofurika jijini Nairobi na kusomba makazi mnamo Aprili 2024. Hata hivyo, yapo mafuriko mengine yasiyopiga hodi mlangoni. Haya hupanda kimyakimya kupitia choo na bafu, yakibeba uchafu wa mtaa mzima.

Chanzo chake ni sahili. Bomba kuu la majitaka likijaa au likiziba, maji hurudi nyuma, yakainuka ndani ya mabomba ya nyumba na kutokea kwenye tundu lililo chini kuliko yote. Ndiposa mkazi wa ghorofa ya chini hukurupuka usiku kuokoa samani zake ilhali wa juu yake amelala fofofo.

Je, bomba hilo hujazwa na nini? Taka na mafuta ya kupikia yaliyoganda ni sehemu tu ya jibu. Sehemu nyingine ni maji ya mvua. Mabomba ya majitaka hukusudiwa kubeba maji ya jikoni, bafuni na chooni. Ya mvua yana mitaro yake. Paa la mita mraba 100 likinyeshewa mvua ya milimita 50 hukusanya takriban lita 5,000. Anayeielekeza michirizi ya paa lake kwenye chemba ya majitaka huukausha ua wake, lakini huyapeleka maji hayo chumbani mwa jirani.

Kinga ya kwanza, basi, ni kuyatenga maji hayo na kuyaelekeza mtaroni au tangini. Fauka ya hayo, nyumba ambayo sakafu yake iko chini kuliko kifuniko cha chemba ya barabarani yafaa kutiwa vali ya kuzuia maji kurudi. Kilango chake hufunguka maji yatokapo na kujifunga yarudipo. Kikijifunga, maji ya nyumbani nayo hukosa pa kutokea. Kwa hivyo wenyeji wajizuie kuoga na kufua hadi mvua ipungue. Aidha, kisiposafishwa mara kwa mara, takataka hukizuia kufunga.

Vali humhifadhi mmoja. Mitaro iliyozibuliwa huwahifadhi wote. Wahenga walinena kuwa asiyeziba ufa hujenga ukuta. Katika suala hili, ufa wa mmoja hubomoa ukuta wa mwingine.