Tufunge Kiungo Kwanza, Kisha Tutawakali



Mwaka uliopita akina mama wa mtaa wetu, wanaopika pilau na biriani katika harusi na hitima, walinunua trela dogo la magurudumu mawili. Walikuwa wamechoka kukodi pikapu kila shughuli ilipowadia, kwani sehemu kubwa ya faida yao ilikwenda katika kusafirisha masufuria. Walitujia na ombi moja: gari letu dogo liwavutie trela hilo. Kilichokosekana ni kile kiungo cha chuma, chenye tufe kichwani, kinachofungwa nyuma ya gari ili trela lipate kushikwa.

Fundi alitaja ujira wake. Sisi tukasema mikono tunayo, spana tunazo, na kijana wetu amesomea umeme. Siku ya Jumamosi tukakifunga wenyewe. Twayaandika haya si kwa kujisifu, bali kwa kuwa tulikosea, na kosa lile lilikaribia kuwafikia wasiohusika.

Upande wa kulia, matundu ya kiungo yalikabiliana sawasawa na mhimili wa chesisi. Upande wa kushoto hayakukutana. Badala ya kusimamisha kazi, tulitoboa bati la sakafu ya buti, tukapitisha bolti, tukaikaza kwa nati na washa ndogo. Kwa kutazama, kazi ilipendeza.

Wiki iliyofuata tulikuwa tukirudi kutoka Mtwapa na masufuria. Kila tulipovuka tuta, Mama watoto alisikia kitu kikigonga nyuma. Tulimwambia ni vifuniko vya masufuria. Akajibu, "Bwana, simamisha gari. Vifuniko nimevifunga mimi mwenyewe." Tuliposhuka tulikuta bati limebonyea na kuchanika, na ile nati imezama nusu. Tuktuk iliyokuwa ikitufuata ikatupita polepole, imejaa watoto waliotoka chuoni, misahafu wameikumbatia vifuani.

Usiku ule hatukupata usingizi. Tulikumbuka mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.) kwamba anayejitia katika utabibu naye hajulikani kwa elimu hiyo, hudhamini madhara atakayoyaleta. Nasi twaona hekima ya mafunzo hayo yamfikia kila ashikaye spana. Kufanya kazi kwa mkono wako ni jambo la heshima, lakini chuma kinachovuta mzigo barabarani ni amana ya watu usiowajua. Basi kwa familia itakayotaka kuifanya kazi hii nyumbani, haya ndiyo tuliyojifunza.

Jambo la kwanza ni uzito. Kila gari lina kiwango cha kuvuta alichokiweka mtengenezaji, na magari mengine madogo hayakuruhusiwa kuvuta kitu kabisa. Ikiwa ndivyo, shauri limekwisha. Magari mengi tunayoendesha yametoka Japani, na kitabu chake huwa cha Kijapani. Msione haya kumtafuta wa kuwasomea, kama tulivyofanya sisi. Kiungo, tufe na trela pia vina viwango vyao, na cha kufuatwa ni kilicho kidogo kuliko vyote. Wala msisahau kulihesabu trela lenyewe: trela la kilo 150 lililopakiwa kilo 200 za masufuria, kuni na maji, ni mzigo wa kilo 350.

Jambo la pili ni mahali pa kufungia. Nunueni kiungo kilichotengenezwa kwa aina ya gari lenu, kinachoshika mihimili ya chesisi. Bati la buti ni jembamba, halikuwekwa kubeba mvuto. Matundu yasipokutana, kazi isimame. Tumieni bolti ngumu zilizokuja na kiungo. Aghalabu huwa na alama ya 8.8 kichwani. Zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa katika maelezo yake, kwa spana ya kupimia nguvu, kisha zikaguliwe tena baada ya safari ya kwanza. Palipotobolewa pasafishwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, kwani hewa yetu ya chumvi haisamehe chuma kilicho wazi.

Jambo la tatu ni usalama wa mfanyaji. Gari lisimame mahali pagumu palipo sawa, magurudumu yazuiwe kwa kabari, na uzito ukae juu ya stendi za chuma. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, na watoto wasicheze karibu. Kabla ya kushika keekee, tazameni kilichopo upande wa pili: tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya havipo mbali. Waya hasi wa betri utolewe kwanza.

Jambo la nne ni taa. Trela lisilo na taa za nyuma, za breki na indiketa ni mtego kwa anayekufuata usiku. Magari ya miaka ya karibuni yana kompyuta inayochunguza taa, na kuunganisha nyaya ovyo kwaweza kuliharibu. Hapo mwiteni fundi wa umeme wa magari aweke kifaa maalumu cha kuzitenga taa za trela na za gari.

Jambo la tano ni kufungasha. Tufe liwe la kipimo kile kile cha kikombe cha trela. Lililo dogo huponyoka. Minyororo ya usalama ipishane chini ya kiungo, ili trela likichomoka, mkono wake uangukie juu ya minyororo, usichimbe lami. Mzigo mzito ukae karibu na ekseli, ukielemea mbele kidogo. Ukielemea nyuma, trela litayumba njiani. Likiyumba, ondoeni mguu kwenye mafuta taratibu, wala msikanyage breki kwa nguvu. Na kwa wanaovuka Likoni, maji yanapokupwa ngazi ya feri huinama sana, na kiungo chaweza kukwaruza chini, shukeni polepole.

Trela nalo husajiliwa na kuwa na namba yake. Kampuni yenu ya bima au takaful iarifiwe kwamba gari sasa linavuta, msije mkadai fidia siku ya ajali mkaambiwa hamkusema.

Ama sisi, tulikitoa kiungo kile, tukawaeleza akina mama ukweli wote, tukaligharimia bati kwa mfuko wetu. Fundi yule yule tuliyemkimbia alitufungia kiungo kinachoshika mihimili pande zote mbili. Alituuliza neno moja tu: "Sheikh, mbona hamkunionyesha mapema?" Hatukuwa na jibu. Tuliona tumeokoa ujira wake, kumbe tuliwakopa watoto wa watu usalama wao bila ya idhini.

Sote twaijua hadithi ya yule bwana aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru na kutawakali, naye akaamrishwa amfunge kwanza. Siku hizi, kabla ya kuondoka, Mama watoto huzunguka gari na kukagua bolti, tufe, minyororo na taa. Akishasema "Tayari," ndipo tunapoisoma dua ya safari.

Allah azilinde safari zenu na za wanaotufuata nyuma. Wabillahi tawfiq.